Shimo Ndiyo Ngazi: Namna ya Kuvuka Chumba cha 10

Ukitaka kujua nani amecheza Portal mpaka mwisho na nani aliishia njiani, muulize kuhusu chumba cha 10. Gemu hili lina vyumba vilivyohesabiwa kuanzia 00 hadi 19, na vile vya mwanzo mtu anavipita huku anakula chipsi. Cha 10 ndipo chipsi zinapoanza kupoa. Unaruka, unadondoka, unapanda tena. Unaruka ukikimbia, unadondoka. Baada ya dakika ishirini unafunga laptopu na kusema gemu lina hitilafu.

Kwa asiyelifahamu: Portal lilitoka Oktoba 2007, limetengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani, na kwa sababu ya uzee wake linakubali hata laptopu zetu hizi ambazo feni inalia ukifungua faili moja tu la PDF. Unapewa bunduki isiyoua mtu. Inachofanya ni kufungua milango miwili ya duara, mmoja wa bluu na mwingine wa rangi ya chungwa, ukutani, sakafuni au darini. Ukiingia mlango mmoja unatokea mwingine papo hapo, hata kama viko pande mbili za jengo. Basi. Kwa muda mrefu hakuna adui wa kumpiga, adui ni chumba chenyewe: umefika hapa, mlango wa kutoka uko kule, jitegemee.

Mpaka chumba cha 10 bado unayo nusu tu ya bunduki. Unaweza kufungua mlango wa bluu. Ule wa chungwa umeshawekwa na wenye jengo, na huwezi kuuhamisha. Mbele yako kuna pengo. Ukingo wa pili uko mbali kuliko mruko wowote wa binadamu. Chini kuna shimo. Juu, kwenye kipande cha ukuta kinachotazama pengo, kuna mlango wa chungwa. Ukifungua mlango wa bluu ukutani karibu yako na kuingia kwa kutembea, unatokea kwenye ule wa chungwa kwa mwendo huo huo wa kutembea na kudondoka kama embe lililoiva. Unarudi ulikotoka.

Hapo ndipo watu wanapokwama, na sababu yake si ujinga. Magemu yote tuliyokulia yametufundisha kwamba shimo ni kifo. Ukitumbukia, umepoteza roho moja, rudi mwanzo. Kwa hiyo mchezaji anafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho mwili wake umekatazwa tangu utotoni: kujitumbukiza shimoni kwa makusudi. Anatafuta kitu cha kupandia. Anatafuta kitufe kilichofichwa. Anajaribu kuruka akiwa amebonyeza vitufe viwili kwa pamoja, eti labda ataenda mbali zaidi.

Sasa angalia miguu ya mhusika. Amefungwa vyuma vya springi kwenye visigino, kwa hiyo hata akianguka kutoka ghorofani haumii. Wabunifu hawakumvika vile kwa ajili ya mapambo. Waliiondoa adhabu ya kuanguka kwa sababu walitaka uanguke.

Jibu la chumba, kwa wenye haraka, ni hili. Simama ukingoni, elekeza bunduki chini, fungua mlango wa bluu kwenye sakafu ya shimo. Piga hatua moja mbele, uachie. Utaanguka ndani ya mlango wa sakafuni ukiwa na kasi ya kuanguka, utachomoka kwenye mlango wa ukutani na kasi ile ile, ila sasa inaelekea mbele, sio chini. Utapaa juu ya pengo na kutua ng'ambo. Halafu swali hilo hilo linarudi tena, umbali ukiwa mkubwa zaidi, na jibu ni lile lile kwa kasi kubwa zaidi.

Ningeweza kuishia hapa, na wengine ndivyo wanavyofanya: wanafungua YouTube, wanatazama mtu akivuka, wanamwiga, wanavuka. Ni desa tu kama desa lingine. Shida ya desa tunaijua wote. Linakuvusha swali lile lile kama lilivyo, lakini mwalimu akibadilisha namba na kuugeuza mchoro upande wa pili, umekwisha. Portal linakubadilishia namba kila baada ya vyumba viwili, kwa hiyo anayetegemea video atatazama video mpaka mwisho wa gemu, na mwisho wa siku atakuwa ametazama filamu. Afadhali tulifungue swali lenyewe, maana ndani yake kuna nusu ya mekanika ya mwaka wa kwanza, ile ile inayowapa watu sapu.

Anza na kuanguka. Kitu kikianguka kutoka kimo fulani, nishati ya kimo inageuka kuwa nishati ya mwendo. Tukiita urefu wa kuanguka a, kasi utakayokuwa nayo ukifika chini ni kipeuo cha pili cha 2ga, ambapo g ni mchapuko wa mvutano. Masi yako haimo. Mnene na mwembamba wanafika na kasi moja, mradi tusihesabu upinzani wa hewa. Kwa shimo la mita 4 duniani hapa, g ikiwa 9.8, utafika chini na kasi ya karibu mita 8.9 kwa sekunde. Hakuna binadamu wa kawaida anayekimbia hivyo kutoka amesimama kwa kupiga hatua moja tu. Shimo limekufanyia kazi ya miguu.

Kisha unatokea ukutani. Tuseme mlango wa kutokea uko kimo b juu ya ukingo unaotaka kutua. Ukichomoka kwa mlalo, mwendo wako una sehemu mbili zisizoingiliana: kwenda mbele kwa kasi ile ile bila kubadilika, na kuanguka chini kama jiwe lililoachiwa. Muda wa kuanguka kimo b ni kipeuo cha pili cha 2b/g. Zidisha kasi kwa muda upate umbali. Ifanye kwenye karatasi, usiniamini: g iliyo juu inakatana na g iliyo chini, na kinachobaki ni

umbali = 2√(ab)

Hebu itazame vizuri. Masi ilishatoka mapema, sasa na mvutano nao umetoka. Gemu lina mvutano wake lililopangiwa na watengenezaji, na si lazima uwe 9.8, lakini huhitaji kuujua. Ungecheza chumba hiki mwezini, ungepaa polepole na kutua mahali pale pale. Unachohitaji ni vimo viwili tu, na vyote unaviona kwa macho ukiwa umesimama ukingoni.

Kwa mfano, shimo la mita 4 na mlango wa kutokea ulio mita 4 juu ya ukingo vinakupa mita 8. Pengo likiwa mita 16 ufanyeje? Wengi watajibu: shimo la mita 8. Hapana. Kipo kipeuo cha pili hapo, kwa hiyo kuongeza umbali mara mbili kunataka kina mara nne: mita 16. Ndiyo sababu mtu anayepanda ngazi moja tu juu zaidi kabla ya kujiachia anashangaa kuona bado anapiga ukuta chini ya ukingo. Ameongeza kina kwa robo, akategemea umbali uongezeke kwa robo, kumbe umeongezeka kwa kama asilimia 12 tu.

Swali hili lilishafanyiwa majaribio kabla ya kompyuta, kabla hata ya Newton kuzaliwa. Kuna karatasi ya Galileo Galilei, ya mnamo 1608 alipokuwa akifundisha Padua, yenye mchoro na namba chache. Alichukua mpira mdogo, akauteremsha kwenye mteremko uliowekwa juu ya meza, ukafika ukingoni na kuchomoka kwa mlalo, ukatua sakafuni. Akapima ulipotua. Meza yake ilikuwa na kimo cha punti 828, na punto moja ni kama milimita moja pungufu kidogo, kwa hiyo ni meza ya sentimita 78 hivi, kama za kusomea hosteli. Mpira ulioteremka kutoka kimo cha punti 300 ulitua umbali wa 800. Kutoka 600 ulitua 1,131. Kutoka 800 ulitua 1,328, na kutoka 1,000 ulitua 1,500.

Chukua kikokotoo. Kimo kilipoongezeka mara mbili, kutoka 300 hadi 600, umbali haukuongezeka mara mbili. Zidisha 800 kwa kipeuo cha pili cha 2 upate 1,131, kamili. Kwa 800 hesabu inataka 1,306, yeye alipata 1,328. Kwa 1,000 inataka 1,461, alipata 1,500. Kwa mtu asiye na saa ya sekunde ya maana, hizo ni namba za kuheshimiwa. Tena aliandika pale pale kwenye karatasi ilivyopaswa kuwa na tofauti iliyopatikana, hakuzifuta wala kuzisogeza zikae vizuri. Tunaojaza ripoti za maabara usiku wa kuamkia siku ya kukusanya tunaelewa nasema nini.

Mwenye macho makali ataniuliza: mbona 2√(300 × 828) inatoa karibu 997, sio 800? Swali zuri. Mpira wa Galileo uliviringika, na sehemu ya nishati yake ikaishia kwenye kuzunguka badala ya kwenda mbele. Mhusika wa Portal haviringiki, anaanguka wima, kwa hiyo anapata yote. Kanuni ya kipeuo inabaki ile ile kwa wote wawili, kinachopungua ni kile cha kuzidishia tu.

Jaribio hili unaweza kulifanya leo chumbani bila ruhusa ya mtu wa maabara. Tafuta gololi na kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa kwa urefu. Kilaze juu ya meza, upande mmoja uinuliwe kwa vitabu, upande wa pili ufike ukingoni ukiwa mlalo kabisa; hapo ndipo pa kuwa makini, maana ukiinama hata kidogo hesabu yote inaharibika. Nyunyiza unga kidogo sakafuni. Achia gololi kutoka kimo cha sentimita 5 juu ya meza, pima umbali kuanzia nukta iliyo chini ya ukingo hadi alama kwenye unga. Kisha achia kutoka sentimita 20. Kwa meza ya sentimita 75 tarajia kitu kinachokaribia sentimita 33 na 65, pungufu kidogo kwa sababu ya msuguano. Kimo mara nne, umbali mara mbili. Mtu akishaona gololi likifanya hivyo mbele yake, hasahau. Unga ufagie, usiniletee kesi na mnaochangia chumba.

Turudi kwenye fomula, bado ina zawadi. a na b zimekaa sawa ndani yake, ukizibadilishana hakuna kinachobadilika. Maana yake ni kwamba kupandisha mlango wa kutokea kuna faida sawasawa na kuongeza kina cha shimo. Wachezaji wengi wakishaelewa habari ya shimo wanakuwa mateka wake, wanahangaika kutafuta mahali pa juu zaidi pa kujitupia, wakati ukuta mweupe juu ya vichwa vyao ungewapa kile kile bila jasho. Jicho lako lizoee kutafuta vitu viwili: mahali pa kuangukia, na mahali pa kutokea. Na chumba chenyewe kinakuonyesha, kwa sababu milango inakubali kwenye nyuso nyeupe, na ukuta wa chuma cheusi unaikataa. Mbunifu akipaka nyeupe kipande kimoja tu cha ukuta juu kabisa, hajaficha kitu. Amekuandikia jibu.

Fomula hii hii iko bafuni pia. Ndoo ya plastiki iliyotoboka ubavuni, ikiwa imejaa na imekaa sakafuni, inarusha maji mbali kiasi gani? Kina cha tundu kutoka usawa wa maji ni a, kimo chake kutoka sakafuni ni b, na umbali ni ule ule 2√(ab), kadiri alivyoonyesha Torricelli, aliyekaa na Galileo miezi yake ya mwisho. Ukijumlisha a na b unapata kimo cha maji, hivyo umbali mkubwa kabisa unatokea a ikilingana na b: tundu la katikati. Kuna vitabu vya sekondari vyenye mchoro unaoonyesha tundu la chini ndilo linalorusha mbali kuliko yote. Maji ya tundu la chini yana kasi kubwa kweli, ila hayana muda, yanagusa sakafu kabla hayajafika popote. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mlango wa kutokea uliowekwa chini karibu na sakafu: unachomoka kama risasi na kuburuza tumbo.

Baada ya chumba cha 11 unapata bunduki kamili, milango yote miwili ni yako, na hapo vyumba vinaanza kuwa vibaya. Sasa unakuta shimo fupi na pengo refu, na ukuta wa kutokea hauendi juu zaidi. a haitoshi, b haitoshi. Wa desa anarudi YouTube. Wewe jiulize: nani kasema uanguke mara moja?

Nishati inajumlishwa. Fungua mlango mmoja sakafuni na mwingine darini, juu yake kabisa. Ukiingia wa chini unatokea wa juu, unaanguka tena, unaingia tena. Kila mzunguko unaongeza urefu ule ule wa kuanguka kwenye hesabu. Sakafu hadi dari ikiwa mita 4, mizunguko minne ni sawa na shimo la mita 16, na tumeona mita 16 zinavusha mara mbili ya mita 4. Ukiwa bado unaanguka, hamisha mlango wa darini uupeleke kwenye ukuta unaotazama pengo. Safari inayofuata hutokei darini, unatokea ukutani na kasi yote uliyojikusanyia. Usizunguke dakika nzima ukidhani utafika mbinguni. Programu imewekewa kikomo cha kasi, na kipeuo cha pili chenyewe ni bahili: mzunguko wa kwanza unakupa mengi, wa kumi unaongeza kidogo sana.

Dari ikiwa nyeusi, kuna njia ya pili. Chomoka ukutani mara ya kwanza, na ukiwa hewani elekeza bunduki chini ufungue upya mlango wa kuingilia pale utakapoangukia. Hii inataka mkono mwepesi, na ina jambo ambalo halisemwi sana. Unapoingia mlango wa pili huanguki wima tena, unaanguka ukiwa umeinama kwa sababu una mwendo wa kwenda mbele. Mlango unalinda pembe hiyo. Ukiingia kwa kuinama utatokea kwa kuinama, pengine kuelekea juu, ambayo ni bahati, pengine pembeni, ambayo ni ukuta wa uso. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kwenye mruko wa kawaida usikimbie kabla ya kujitumbukiza. Piga hatua moja, ondoa vidole kwenye vitufe, acha mvutano ufanye kazi yake. Gemu lenyewe hukusogeza kidogo uelekee katikati ya mlango ukiwa unaanguka, na ukiendelea kubonyeza vitufe unapigana nalo.

Ule mwinamo wa kuelekea juu wabunifu waliutumia wazi wazi kwenye Portal 2 la mwaka 2011, lenye vipande vya ukuta vilivyoinama. Kitu kikitoka kwa pembe ya digrii 45 na kutua usawa ule ule kilipotokea, umbali ni 2a. Hapa kipeuo cha pili kimeondoka! Shimo mara mbili, umbali mara mbili. Ukikuta ukuta ulioinama kwenye chumba, ujue umepewa mkopo wenye riba nafuu.

Tukizungumzia mikopo, kuna deni ambalo halilipwi humu, na mwanafizikia anapaswa kulikamata. Mashine inayoongoza vyumba, GLaDOS, inakuambia kwa sauti yake ya upole kwamba momentamu inahifadhiwa kati ya mlango na mlango. Kwenye UE jibu hilo lingekatwa maksi. Momentamu ni vekta, ina mwelekeo. Mtu wa kilo 60 anayeingia sakafuni kwa mita 8.9 kwa sekunde ana momentamu ya 534 kuelekea chini. Akitokea ukutani ana 534 kuelekea mbele. Ukubwa ni ule ule, mwelekeo umegeuka, hivyo momentamu imebadilika, na ili ibadilike lazima kitu fulani kimsukume. Kilichobaki bila kubadilika pale mlangoni ni kasi, na pamoja nayo nishati ya mwendo.

Hata nishati yenyewe, ukiipiga hesabu ya chumba kizima, haijatulia. Umeingia chini shimoni na kutokea juu ukutani, na hakuna aliyelipa gharama ya kukupandisha. Nishati ya kimo imetoka hewani, kama bumu lisilodaiwa na mtu. Ndiyo maana mzunguko wa sakafu na dari unakuongezea kasi kila raundi. Katika dunia ya kweli hakuna raundi ya namna hiyo. Sheria zote nyingine, kuanguka, mlalo na wima kutoingiliana, njia ya kupinda, ni zile zile za kitabu. Wamevunja sheria moja tu na kuziacha nyingine zote zisimame, kwa hiyo akili yako bado ina pa kushika.

Wazo hili la milango halikuzaliwa kwenye ofisi za Valve. Lilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Redmond, jimbo la Washington, waliotengeneza gemu dogo la mwaka 2005 liitwalo Narbacular Drop. Mhusika wake ni binti mfalme asiyeweza kuruka, anaitwa No-Knees, yaani hana magoti. Kwa kuwa hawezi kuruka, njia pekee ya kutoka alikofungwa ni milango. Watu wa Valve waliuona mradi huo kwenye maonyesho ya ajira chuoni hapo, wakaiajiri timu, akiwemo Kim Swift, na miaka miwili baadaye Portal likatoka. Walioandika ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho kwa kubadilisha jina na mwaka kwenye ripoti ya kaka yao wa miaka mitatu iliyopita wanaweza kuruka aya hii.

Kwa wanaotaka kupiga msuli kidogo kabla ya kufungua gemu, hiki hapa chumba cha karatasi. Shimo lina kina cha mita 3 kutoka ukingo uliosimama, na sakafu yake ni nyeupe. Ng'ambo ya pengo la mita 11 kuna ukingo wa usawa ule ule. Ukuta ulio nyuma yako, unaotazama pengo, una vipande viwili vyeupe vilivyo sawa na ukingo wako: kimoja mita 9 juu ya ukingo, kingine mita 12. Una risasi moja ya kila mlango. Unafungua wapi, na kwa kipande kipi utatua ng'ambo, kwa kipi utarudi shimoni? Kisha wape dari nyeupe mita 6 juu ya sakafu ya shimo, ruhusu milango ihamishwe, na utafute mizunguko mingapi ya sakafu na dari inatosha ili kile kipande kilichokushinda nacho kikuvushe.